Saa Nane na Dakika Nne

Tangazo nililiandika mwenyewe, mwezi wa nane,
nikalibandika posta, maktaba, na kwenye mlango wa duka la mbegu:
Mji wa Hallvik unakaribisha zabuni
za kuondoa theluji, mitaa thelathini na mmoja
pamoja na uwanja wa zimamoto.
Bahasha zifungwe. Mwisho saa nane kamili mchana.
Zitakazochelewa hazitafunguliwa.

Sentensi ile ya mwisho si yangu. Niliikuta,
kama nilivyoikuta saa ya ukutani
na kikombe cha kalamu zisizoandika.
Karani hurithi.

Saa nane kasorobo nilikuwa na bahasha moja tu,
ya kampuni ya Fargo, nene, imepigwa lakiri
utadhani ina posa ndani.
Meya Opsahl alikuwa anamenya chungwa.
Diwani Kuhlmann aliuliza kama kahawa imeisha.
Nje, ng'ambo ya barabara,
pikapu ya Duane Fettig.

Injini inanguruma, vioo vimeingia ukungu.
Alikuwa amepangusa kidirisha kwa kiganja
na humo nikamwona: karatasi juu ya usukani,
kalamu mdomoni, kalamu karatasini, kalamu mdomoni.
Majira kumi na tisa ya baridi ametusafishia njia.
Anajua kila kifuniko cha mtaro kilipo, hata gizani,
na pa kuinulia jembe
pale mzizi ulipoivimbisha lami.
Fargo hawajui.

Saa nane kasoro dakika sita.
Alikuwa anapunguza. Niliuona mkono ukifuta.
Mtu anayejipunguzia bei huinamisha shingo kwa namna yake,
kama anayejinyoa kisogo bila kioo.
Ni hatua ishirini na mbili mpaka pale.
Ningeweza kugonga dirisha.
Ningeweza kutoka, kutazama kama bendera imejisokota mlingotini,
na kukohoa.
Lakini nikimwita huyu, ni nani ambaye sikumwita?
Nilikaa. Nikainyoosha rula iwe sambamba na daftari.

Saa nane. Nikasema, "Zabuni zimefungwa,"
kwa sauti ninayoitunzia siku za viapo.

Aliingia saa nane na dakika nne
na harufu ya dizeli, kofia mkononi.
Bahasha yake ilikuwa ya bili ya umeme,
anwani ya zamani imekatwa kwa mstari.
Hakuna aliyemtazama; ghafla
chungwa la meya lilikuwa na mbegu nyingi.
Nikagonga muhuri: IMECHELEWA.
Wino ulizidi, ukanipaka kidole.

Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono.
Wanaoafiki waseme ndiyo.
Waliosema ndiyo wameshinda.
Kumbukumbu za kikao hazina safu ya walioshindwa.

Kanuni inataka irudishwe vilevile, na gundi yake.
Jioni ile niliishika mbele ya taa ya mezani.
Hapana, niseme kweli: niliishika,
nikaiwasha taa, nikaizima.
Mizani ya posta ilisema gramu kumi na moja.
Gramu kumi na moja, na ndani yake namba
ambayo mji huu hautaijua kamwe.
Stempu nililipa mwenyewe. Nikaomba risiti, nikaichana.

Desemba alikuja kulipia maji.
Hela kamili mpaka senti, siku mbili kabla.
Nje greda la Fargo lilikuwa linapita,
limeshusha jembe mapema mno,
na sote wawili tukausikia mlio wa chuma juu ya kifuniko
mbele ya maktaba.
Duane alifumba jicho moja, kama aliyekanyagwa.
Kisha akatazama ukutani.
"Ile saa," akasema, "inakwenda sawa?"
Nikamwambia inakwenda sawa.
Akaikunja risiti mara nne, akavaa kofia.