Dirisha la Tatu

Kamati imenipa dakika mbili Ijumaa,
siku watakapofunua jiwe lako pale Makadara,
na karatasi yenye maneno ya kuchagua:
shujaa, mkombozi, taa ya taifa.
Taa naijua, Shee Mwinyifaki.
Ile ya masjala ilikuwa ikipepesa,
ukaigonga kwa kalamu hadi ikatulia,
ukasema, "Haya, tuanze na walioandikwa mwisho."

Hukuja na king'ora asubuhi ile.
Waziri mpya wa ardhi, koti limekulegea mabegani
kama la kuazima, viatu vina vumbi la Kisauni.
Ulipanga foleni dirisha la tatu
nyuma ya Bi Mkasi Mbwana,
aliyekuwa akiambiwa miaka kumi na tisa
njoo Jumatatu.
Nikauliza bila kuinua uso: "Wataka nini?"
"Nataka anachotaka huyu mama."
Hapo uso uliinuka wenyewe.

Daftari likatolewa kabatini,
lile la ngozi, lenye kufuli kubwa kuliko la jela.
Ukalisoma kwa sauti, milango wazi,
watu wamejaa hadi ngazini:
ekari mia tatu, mwenyewe yuko ng'ambo,
hajakanyaga hata changarawe yake moja;
na juu yake vyumba mia saba,
misikiti miwili, kanisa, makaburi,
watoto wanaozaliwa wakidaiwa kodi ya kitovu.
Kuli mmoja wa Kilindini alicheka hadi akakaa chini.
Alikuwa amesikia jina la babake,
limepigwa mstari kwa wino mwekundu.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi tulikuwa wenyeji, jembe tunalo,
pa kulitua hatuna.

Baadaye sana, usiku wa kuandika mswada,
chai imepoa, mahamri yamekauka,
ndipo ulipotaja nyumba ya mamako Majengo:
kuta zake, bati lake,
sakafu ya mtu mwingine.
Kila mwisho wa mwezi alikuwa akifagia ua
kabla mtoza kodi hajafika,
kana kwamba usafi ungempunguzia shilingi.
Ulisema hivyo, ukaomba sukari.

Sitawasomea hili Ijumaa, lakini nalijua,
kwa kuwa vidole vilivyolipiga chapa ni hivi:
kifungu cha tisa uliwaachia.
Ulikifuta ili cha nne kipone,
na waliokuwa wakingoja cha tisa, watu wa Changamwe,
walikuita msaliti hadi siku ya maziko.
Wengine walikuja kuzika. Wengine walifunga madirisha.
Nilikuuliza siku ile, "Na hawa je?"
Hukujibu. Ulivua miwani, ukaifuta,
ukaivaa, ukaivua tena.

Walipokufukuza kazi redio ilitumia sentensi moja.
Ukarudi Kibokoni, chumba cha juu, ngazi mbovu,
na kila Jumamosi alasiri watu walipanda
wamebeba karatasi ndani ya mifuko ya sukari,
ukawafundisha kusoma hati ya ardhi
kuanzia chini, kwenye maandishi madogo,
"maana wezi," ulisema, "hawaandiki kwa herufi kubwa."

Sasa dirisha la tatu lina kioo.
Kuna kompyuta, na kijana mwenye tai
anayewaambia watu mtandao umekatika,
wimbo ule ule wa Jumatatu kwa ala mpya.
Nilipita jana kufuatia pensheni.
Mbele yangu binti mwenye buibui lililochanika pindo,
mtoto mgongoni, kidole juu ya kioo:
"Nifungulie daftari nilisome mwenyewe.
Ni haki yangu. Kifungu cha nne."
Kijana akasema arudi kesho.
Binti akavuta kiti, akakaa.
"Nitaingoja kesho hapa hapa."

Nilimuuliza kama alikujua.
"Shee yupi?" akasema. "Yule wa duka la simiti?"

Nikaacha foleni yangu
nikakaa kando yake.
Hadi magharibi tulikuwa tungali pale,
na mlinzi, funguo mkononi,
hajui amfungie nani nje.