Mpaka Pini Ishuke

Lilikuja kwa posta, Jumamosi ya mvua,
zawadi ya shemeji Mwanaidi wa Sheffield:
jungu la presha, la umeme, tumbo la chuma,
na kitabu cha maelekezo kwa lugha kumi na moja.
Hata Kifini kimo. Chetu hakimo.

Basi nikajitafsiria mwenyewe, polepole, miezi mitatu.

Jikoni kwetu Hull, ghorofa ya tatu,
nimeliweka mbali na kabati la juu,
maana mvuke hupanda, na mbao za mwenye nyumba
zikivimba atazikata kwenye amana yangu.
Sikulichomeka kwenye waya wa kurefusha
uliokwisha kubeba birika, hita na chaja ya Twalibu.
Ukutani, peke yake, kama bwana harusi.

Kwanza mpira. Nauvua, nauosha, naunusa
(bado una pilau ya juzi),
naupitisha kidole mzunguko mzima
nikitafuta ufa, naurudisha njiani mwake.
Kisha kitundu cha vali: nakiinua dirishani, nachungulia.
Nikiliona wingu la Hull, ki wazi.
Maharage na maji, nusu ya jungu, basi.
Maharage hutuna, maharage hutoa povu,
na povu likiziba koo la vali
jungu hukosa pa kusemea.

Nalijua jungu lililokosa pa kusemea.
Tanga, uani kwa shangazi Mishi,
jungu la kuazima, juu ya mkaa,
mpira wake umechoka, umezungushiwa kitambaa,
na shangazi ana haraka, harusi inamngoja,
akakigonga kifuniko kwa mwiko.
Mlio sikuusikia. Niliona makunde yako kwenye bati.
Yalibaki huko miaka,
na hapa, chini ya kiwiko changu,
ngozi inayong'aa, isiyoota nywele.

Twalibu ana miaka tisa. Hayo hayajui.
Anachokijua ni njaa.
Jungu limelia, mkono wake uko kifunikoni.
"Tayari!"
"Bado."
"Si limelia, Baba?"
"Limelia kusema limemaliza kupika. Halijasema karibu."
Nikamwonyesha pini, kichwa chekundu,
kidogo kama punje ya mtama.
"Huyu akiwa wima, ndani kuna jambo.
Hatumsukumi. Hatumbishii.
Tunakaa mpaka ashuke mwenyewe."
"Na tukifungua pale juu, mvuke utoke?"
"Wali, sawa: kwa mwiko mrefu, uso pembeni.
Maharage, la. Yatakuja nayo."

Tukavuta viti viwili.
Dakika kumi na nane ni ndefu
kwa watu waliozoea kupishana mlangoni,
yeye na begi lake, mimi na sare ya usiku.
Dirisha likaingia ukungu. Akachora gari,
akalifuta, akachora jingine.
Nikakunja mkono wa shati.
Nikampa shangazi, harusi, mwiko, bati.
Akaigusa ile ngozi kwa ncha ya kidole,
kama mimi ninavyougusa mpira.
"Iliuma?"
"Sana."
Kimya. Kisha, macho yakiwa kwenye pini:
"Mama alihamia Leeds kwa sababu ya kazi tu?"

Siku nyingine ningemtuma akaoge.
Nikasema, "Si kazi tu."
Nikasema na mengine, machache,
kiasi ambacho mtoto anaweza kukishika bila kitambaa.
Yaliyobaki hayakutoka. Yangali wima.

Tk.
Sauti ndogo hivyo, tukashtuka wote wawili.
"Ameshuka!"
Nikakizungusha kifuniko, nikakiinua
nikikielekeza ukutani, mbali na nyuso zetu,
kikatiririka matone juu ya meza
na harufu ya kitunguu ikatuingia puani.
Maharage laini, mazima, hayajapasuka.

Akaonja. Akatafuna. Akanitazama kwa huruma.

"Baba, umesahau chumvi."