Nguzo Zisizozikwa

Nilirudi Nias na shahada ndani ya bomba la plastiki
na ramani ya nyumba ya mama:
mistari minyoofu, paa bapa, kuta zisizo na urembo,
kama alivyotufunza Bandung
mwalimu aliyeamini kuwa nakshi ni uongo.

Mama, ambaye kijiji humwita Ina Hezatulö kwa jina langu,
aliigeuza ramani juu chini.
"Taya za nguruwe wa karamu tutazitundika wapi?"

Sikuwa nimechora kulabu.

Tukamwaga zege siku tatu mbele ya nyumba ya babu.
Nondo kutoka Gunungsitoli, saruji mifuko mia na arobaini.
Mjomba, Ama Folala, alisimama chini ya sakafu ya mbao
katikati ya nguzo zilizoshinda kumbatio langu,
nyingine wima, nyingine mshazari,
zikiegemeana kama walevi wanaoaminiana.
"Hizi hazikuzikwa," akasema. "Zimekalishwa tu juu ya jiwe.
Mti ukiuzika, unaoza."
Nikamweleza kina cha msingi.
Akanisikiliza kwa adabu,
kama asikilizwavyo mtoto anayehesabu hadi mia.

Mama akahamia. Kwa simu akasema
nyumba ni nzuri, haivuji,
ila haimjibu.
Ya babu, ukikanyaga ubao wa nne, inaguna,
na jirani anajua umeamka.
"Humu natembea kama mgonjwa wa hospitali."

Usiku ardhi ilipojinyonganyonga nilikuwa Medan.
Yaliyotokea nimeyakusanya vinywani mwa watu.

Nyumba ya babu ilicheza.
Miguu ikateleza juu ya mawe yake,
ndimi za mbao zikatafunana matunduni,
ikalia, ikayumba, ikarudi,
ikatua upana wa kiganja kando ya ilipokuwa.

Yangu ilisimama kidete.
Ikasimama,
ikasimama,
halafu ikakaa kitako.

Mama hakuwamo.
Alikuwa akilala kwa babu tangu miezi minne nyuma
na hakuniambia,
nisije nikaona haya.

Msinishike hapa mkaninukuu
kwamba mbao ni hekima na zege ni upumbavu.
Usiku uleule kibatari kilianguka kwa Ama Yafati
na nyumba ya vizazi vitano ikawaka hadi alfajiri.
Tena mchanga wangu niliuchota ufukweni, na chumvi yake,
kwa kubana matumizi. Zege halikunidanganya;
mimi ndiye niliyelidanganya.

Na boriti moja ya babu ilipopasuka,
Ama Folala aliingia msituni siku mbili kutafuta mwenzake.
Akatoka na gogo jembamba kama paja la kijana.
Akaliweka barazani. Hakuna aliyeuliza.
Limo humo hadi leo, tunalikalia.

Nami bado nachora zege. Ndiyo kazi niijuayo.
Ila siku hizi, kabla ya kutia wino,
huuliza mahali pa kulabu.

Paa langu bapa lingali chini, pale pale lilipolalia,
limeinama kidogo upande wa barabara ya mawe.
Mama huanika kakao juu yake.
"Linakausha upesi," husema,
akizisukuma mbegu kwa kisigino.
"Na kwa vile halina nakshi,
hazinasi."