Koti la Faiba

Unaanzia kwenye ncha ya patasi,
pale koti lilipojikunja lenyewe karibu na usukani.
Ingiza, pinda, sikiliza.
Ikilia chwaa, imeachia: vuta.
Ikinyamaza, bado imeshika: lete moto.

Mwinshehe ameshika hita, mimi kisu.
Tumevaa sweta mwezi wa Februari, Kunduchi,
nyuma ya mnada wa samaki,
mikono imefungwa kwa mpira wa tyubu,
na bado vumbi limeingia.
Upupu wa shambani una huruma, una mwisho.
Huu wa kioo unalala nawe kitandani,
unamwamsha mke, anauliza ulikuwa wapi.

Saa nne Bi Mwajabu anakuja na chupa ya chai,
anakaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa.
Mashua ni ya marehemu mumewe.
Walimwambia aiuze kuni. Alikataa.
Anatazama vipande tunavyovitupa mchangani,
vya kijani, vigumu, vingali na umbo la ubavu.
Kaa akivua gamba, ndani hutoka mpya.
Hapa anatoka mzee.

Chini ya koti, maji.
Si maji ya leo. Meusi,
yananuka kama mtungi uliosahauliwa.
Yaliingia kwa tundu la msumari mmoja
yakakosa pa kutokea,
na mvule ukakaa ndani ya jasho lake miaka ishirini na miwili.
Nausukuma kwa kidole gumba: kinazama hadi ukucha,
kama kwenye mkate uliolowa chai.

"Fundi gani huyu," anasema Bi Mwajabu,
"anafunga mbao hivi, isipumue?"
Mwinshehe anazima hita. Yeye hajui, alikuwa hajazaliwa.

Kwenye ubao wa tatu kutoka juu
kuna penseli: tarehe, na K yenye mguu mrefu,
ninavyoiandika hadi leo kwenye risiti.

"Ni mimi," nasema. "Kondo. Nilikuwa kijana,
faiba imeingia mjini, inang'aa,
kila mtu anasema kalafati ni kazi ya jana.
Mumeo aliniuliza, haitavuja tena?
Nikamwambia haitavuja.
Na kweli haikuvuja."

Chai inamiminwa. Kikombe cha kwanza kwa Mwinshehe.
Cha pili kinakaa mkononi mwake
muda,
kisha kinanijia bila neno, sukari haijakorogwa.

Tunarudi kazini. Ubavu wa kushoto una nafuu:
nikiugonga kwa nyundo, unaitika.
Mbao sita za kubadilisha. Labda saba.
Zilizobaki zikae kivulini wiki tatu,
zisikauke kwa pupa zikapasuka.
Halafu pamba, uzi kwa uzi, kila mwanya,
na sifa juu yake, ile inayonuka,
ile ya kupakwa tena mwakani, na mwaka ule mwingine.

"Itavuja?"

"Itavuja kidogo. Weka upo ndani,
na mtu wa kuushika."

Anacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi,
huku anajikuna shingo. Limemfikia naye.