Kiatu cha Kushoto

Agufana alikuja Kamukunji siku ya mvua,
akasema: Fundi, nifulie kiatu cha chuma.
Kimoja tu. Cha kushoto.

Nilicheka hadi nyundo ikaniponyoka.
Na wa kulia umeuuza?
Akachora duara kwa kidole kwenye masizi ya benchi:
mizunguko minne,
tunapinda kushoto, kushoto, kushoto tena,
na pikipiki haina breki.

Haina breki! Sasa unasimamaje?

“Sisimami. Nateleza.
Ndiyo maana nimekuja kwako.”

Nikakata bati la mlango wa lori lililofia Grogan,
nikalikunja kwa unyayo wake, nikaliunga kwa moto.
Mia tatu, nikasema. Alikuwa na mia mbili.

Jumapili nikaenda Njiru kuidai mia yangu.
Kando ya machimbo, watu wamepanda vifusi,
watoto wana vumbi hadi kopeni.
Wanne wakajipanga. Utepe ukaruka.
Kona ya kwanza Agufana akamlaza mnyama wake,
tairi la nyuma likitaka kulipita la mbele,
na kule chini, kwenye changarawe,
kazi ya mikono yangu ikitema cheche.

Mia ile nikaisahau.

Miaka kumi na mmoja. Viatu ishirini na vitatu.
Wengine walihesabu vikombe,
mimi nilisoma soli.
Ubingwa wa kwanza, zilisagika upande wa kidole gumba:
alikuwa na haraka.
Ubingwa wa tatu, zilikwisha sawasawa kama sarafu ya zamani,
na gazeti likaandika jina lake, likalikosea.
Mwaka aliovunjika mtulinga soli ilirudi haijaguswa.
Khavere, mkewe, ndiye aliyeileta,
akaiweka juu ya benchi
kama mtu anayerudisha sahani ya jirani,
akaondoka bila neno.

Mwaka wa mwisho zililika kisiginoni.
Nikajua kabla yake.
Kisigino hulika kwa anayejizuia.
Sikumwambia. Nilimwongezea bati, mara mbili,
kama kwamba woga ni tundu la kuzibwa.

Siku hizi huja Ijumaa, tunakunywa chai ya tangawizi,
anauliza bei ya sufuria asizonunua.
Akiaga, njia ya Muthurwa ni kulia, pale pale.
Yeye hupinda kushoto,
anauzunguka mtaa mzima,
na mimi huacha nyundo chini
nikimsubiri apite tena.