Bati la Ndekirwa

Alfajiri ya Mwika, Landrova inagoma.
Navuta choki mpaka waya unalia,
shingo ya kabureta inatoka jasho baridi
kama chupa ya maziwa iliyolala nje.
Inakohoa. Inazima.
Nyuma mikungu kumi na minne,
na Mama Aikande anatazama saa, hasemi kitu.

Nikishusha mzigo Himo, saa sita, nikiwasha tena,
mashine ile ile imekufa kwa joto.
Petroli imechemka ndani ya bakuli,
mvuke umeketi njiani, haupishi.
Naifunga pampu kitambaa kibichi
huku wauza vitunguu wakinipa ushauri wa bure:
sukuma, uza, omba.

Ndekirwa wa Pasua hakugusa spana.
Aliweka kiganja juu ya manifoldi,
akakiondoa upesi.
"Ekzosi imelala chini ya kabureta, ukuta mmoja.
Asubuhi jirani huyu anakuazima moto,
mchana anakuunguzia nyumba."

Akakata bati kwenye debe la mafuta,
picha ya alizeti ikabaki nusu.
Akalipenyeza katikati ya mabomba
kama barua chini ya mlango.
"Ukishuka, ivishe. Ukipanda, ivue."
Elfu saba, na soda.

Sasa bati linakaa chini ya kiti,
linagonga kila shimo, limenichosha.
Lakini najua pa kusimama:
Marangu Mtoni, ng'ambo kidogo ya daraja,
pale sweta linapoanza kuniwasha.
Nalivua,
kisha nafungua boneti
naivisha mashine alizeti yake.