Tarakimu Nne

Nilifunga kila kitu kabla ya zamu ya usiku.
Kishikwambi kilale saa tatu,
picha za watu wazima zisipite,
mgeni asipige hodi bila mimi kujua.
Binamu yangu Ewaldo, fundi wa simu, ndiye aliyenielekeza:
"Chagua tarakimu nne ambazo mtoto hatazibuni."
Nikachagua.
Nikavaa buti za mpira, nikaenda kiwandani
kupasua samoni matumbo hadi alfajiri,
na mvua ya Puerto Montt ikigonga bati la kituo cha basi
kama mdai aliyesahau anadai nini.

Kila asubuhi ripoti iliingia kwenye simu yangu:
*Dakika arobaini. Hakuna tatizo.*
Nikalala usingizi wa aliyelipa madeni.
Nikawa hata nawashauri wenzangu, visu mkononi:
mlango ukiwa na komeo, mwizi atapita wapi?

Jumapili moja tulikuwa tunakanda maandazi ya boga,
mimi na Millaray, miaka kumi na miwili,
kuni zinalia jikoni, vioo vimejaa mvuke.
Akasema, macho yake kwenye unga:
"Mama, mtu akikuomba picha ya mabega tu,
ni vibaya?"

Nikasogeza sufuria ya mafuta pembeni.
Polepole. Sijui nilipata wapi huo upole.

"Mtu gani?"

"Wa kwenye mchezo. Anasema ana miaka kumi na mitatu.
Anasema nisikuambie, hutaelewa.
Lakini Mama, anaweka nukta.
Kila sentensi, nukta. Sisi hatuweki."

Mkono wangu ulishapanda.
Sikuuamuru; ulipanda wenyewe,
kama ulivyopanda wa mama yangu, na wa mama yake.
Nikamwona mtoto akiutazama,
unga hadi viwiko, anapima
kama hii ndiyo mara ya mwisho kuniambia jambo.
Nikaushusha.
Nikautia ndani ya donge la unga, ukakaa humo.

"Ulifunguaje?"

Akajibu kwa sauti ya mtu anayepita karibu na aliyelala:
"Kumi na tisa, mwezi wa nane.
Siku ya Amaro."

Jina hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba hii.
Alizaliwa kimya, tukamzika kimya,
baba yake akarudi baharini kwenye vizimba vya samaki,
mimi nikarudi kwenye visu.
Nilidhani yeye, mwenye miaka mitano wakati ule,
alikuwa chini ya meza akihesabu vifungo vya koti langu.

"Kila mwaka siku hiyo unafua mapazia," akasema.
"Hata mvua ikinyesha."

Basi.
Nilikuwa nimefunga mlango kwa ufunguo
uliokuwa ukining'inia shingoni mwangu miaka saba,
mbele ya macho yake.

Yule wa nukta tulimsoma pamoja, mstari kwa mstari.
Hatukufuta neno. Tulihifadhi yote, tukamzuia,
na Jumatatu tukapanga foleni kwa polisi wa upelelezi,
mikono yetu ndani ya mfuko mmoja wa koti langu.

Kufuli lingalipo. Sikuling'oa, mimi si mjinga.
Tarakimu ni mpya, hazijui,
na anajua kwa nini hazijui.
Ila sasa, kabla sijavaa buti,
kila mmoja anamuuliza mwenzake swali moja
na jibu lazima liwe la kweli.

Siku ile maandazi yaliungua nusu.
Tuliyala hivyo hivyo.
Swali lake la kwanza halikuhusu mchezo, wala simu.

"Amaro alikuwa na nywele?"

Nyingi, nikasema.
Nyingi, mwanangu. Nyeusi, kama zako.